Jinsi ya Kumwandikisha Mnyama Chamani

Anza na ng'ombe. Siasa za utaifa wa Kihindu nchini India zimeshamtengenezea nafasi, huna haja ya kubuni. Mwite mama, maana nani kama mama? Ila usimchanganye na nyati wa kufugwa aliyefungwa zizi hilo hilo. Naye anakamuliwa, tena karibu nusu ya maziwa ya nchi yanatoka kwake, lakini ni mweusi, na ndiye anayepandwa na Yama, mungu wa mauti. Huyo si mama wa mtu. Mpakie kwenye makontena: India ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa nyama ya jamii ya ng'ombe duniani kwa sababu yake. Mwaka 2014 Narendra Modi aliishambulia biashara hiyo majukwaani alipokuwa akiomba kura za kuwa waziri mkuu. Akashinda, na makontena yakaendelea kupakiwa.

(Muumini anayemheshimu ng'ombe wake kimyakimya, kama babu zake, asisumbuke na mwongozo huu. Hana kampeni.)

Mama anahitaji walinzi. Tafuta vijana wenye fimbo, wasimamishe malori usiku. Ushahidi usikucheleweshe: huko Dadri, Uttar Pradesh, mwaka 2015, uvumi wa nyama ya ng'ombe ulitosha kundi kumvamia Mwislamu nyumbani kwake na kumpiga hadi kufa. Nyama ilipelekwa maabara baadaye. Lakini ukifika Nagaland, ambako BJP, chama cha Modi, imo serikalini na nyama ya ng'ombe iko sahanini, mama na apewe likizo.

Ng'ombe akikauka maziwa, usiulize anakwenda wapi. Kuchinja ni jinai katika majimbo mengi, mnunuzi anaogopa fimbo, basi mwenyewe humfungulia kamba usiku. Ndiyo maana wakulima wa Uttar Pradesh hulala shambani na tochi, wakifukuza mama wa majirani kwenye ngano. Uchaguzi wa jimbo hilo wa 2022 ulipofika, ikabidi Modi mwenyewe awaahidi ufumbuzi.

Ukitaka mnyama wa kupigia picha, agiza duma. Wanane waliletwa kutoka Namibia na kufunguliwa hifadhi ya Kuno tarehe 17 Septemba 2022, siku ya kuzaliwa ya Modi, naye akiwa na kamera mkononi. Usitaje kwamba Mahakama ya Juu ya India ilikuwa imeagiza tangu 2013 kwamba Kuno wapelekwe simba wa Gir, jimboni Gujarat. Jimbo hilo, kwao Modi, liliwang'ang'ania. Simba ni fahari ya jimbo, na fahari haigawanywi.

Mwisho, kagua majina. Februari 2024 dume na jike la simba walihamishwa kutoka Tripura hadi bustani ya wanyama ya Siliguri, Bengal Magharibi. Dume aliitwa Akbar, kama yule mfalme Mwislamu wa dola ya Mughal. Jike Sita, kama mke wa mungu Rama. Wanaharakati wa Kihindu wa Vishva Hindu Parishad wakakimbilia mahakamani: imani imetukanwa. Jaji hakuwafukuza. Alihoji ni nani ampe simba jina la namna hiyo, akaishauri serikali ya Bengal iyabadilishe. Bengal ikajitetea kwamba majina yalitoka Tripura, jimbo linaloongozwa na BJP. Tripura nayo ikamsimamisha kazi ofisa wake mwandamizi wa misitu.

Kwa hiyo simba wako mwite Simba. Jike, kwa tahadhari, mpe namba.