Kocha Mpya wa Ukanda wa Dhahabu: Twende Kuanzia Saba Hadi Moja

Kutoka Maganzo hadi Geita ardhi inatoa almasi na dhahabu, lakini Ligi Kuu inatuponyoka. Stand United ya Shinyanga ilishuka 2019, Mwadui FC ikafuata 2021, Geita Gold ikamalizia 2024. Kila mara vijiwe vya kahawa vilitoa hukumu ileile: kosa la kocha. Haya, tufungue bahasha za waombaji. Wengi wao wameshaupitia ukanda huu, mmoja tumemwazima kwenye mchezo mwingine kabisa. Sharti la lazima ni moja: akisalimiwa kwa Kisukuma “mwangaluka”, asitafute mkalimani.

7. Mfaransa

Patrick Liewig aliinoa Simba 2013, kisha akaja Shinyanga kuifundisha Stand United, timu iliyozaliwa stendi ya mabasi, wenyewe wakaiita Chama la Wana. Wakati huo Acacia, kampuni iliyokuwa na migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, ilikuwa imemwaga udhamini. Pesa ilipoingia, timu ikagawanyika: upande mmoja ukajiita klabu, mwingine kampuni, na kila upande ukadai ndio wenye mali. Mdhamini akaona isiwe tabu, akajitoa.

Faida yake: mazoezi yanaanza kwa wakati. Kasoro yake: hakuna kozi Ulaya inayofundisha mwalimu afanye nini akiwa na waajiri wawili wasiosalimiana.

6. Mwenye maneno yake

Jamhuri Kihwelo, Julio, ndiye aliyeipandisha Mwadui hadi Ligi Kuu msimu wa 2015/16. Ukimkabidhi Julio timu, waandishi wa habari hawalali njaa. Mechi ikiisha bila bao, bado kuna kichwa cha habari. Lakini 2016 aliachia ngazi akilalamikia waamuzi.

Tumwelewe. Mwadui ni mahali palipotoka almasi ya waridi aliyozawadiwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza mwaka 1947 alipoolewa. Mtu anayefundisha penye jiwe la namna hiyo halafu ananyimwa penalti ya wazi ana haki ya kukasirika. Kasoro yake: waamuzi hawajawahi kushuka daraja, timu ndizo zinazoshuka.

5. Mrundi tuliyemtengenezea njia wenyewe

Hapa shikeni viti. Siku ya mwisho ya kundi lao la Ligi Daraja la Kwanza, 2016, Geita Gold iliifunga JKT Kanembwa 8-0. Siku hiyohiyo Polisi Tabora ikaifunga JKT Oljoro 7-0. TFF ikanusa upangaji wa matokeo, ikazishusha timu zote nne. Mbao FC ya Mwanza, iliyokuwa imekaa pembeni, ikajikuta Ligi Kuu.

Nani akaja kuinoa Mbao? Etienne Ndayiragije. Akaifikisha fainali ya Kombe la Shirikisho 2017 dhidi ya Simba, akapanda ngazi hadi Azam, akaikamata Taifa Stars na kuipeleka CHAN. Mwaka 2021 Geita Gold, sasa ikiwa Ligi Kuu, ikamchukua kwa mbwembwe. Mechi chache za mwanzo zikatosha: kibarua kikaota nyasi. Kwa ufupi, Geita ilimfungulia mlango bila kujua, ikamwajiri kwa kujua, ikamtimua kabla hajajua duka la vocha liko wapi.

4. Jirani wa kriketi

Msicheke. Huku kwetu ukitaja kriketi mtu atakuuliza kipindi cha pili kinaanza saa ngapi. Lakini timu ya taifa ya kriketi ilipotaka mwalimu, haikuagiza mtu kutoka mbali. Ilimchukua Mkenya Steve Tikolo, nahodha aliyeifikisha Kenya nusu fainali ya Kombe la Dunia 2003, ambaye pia alishawahi kuifundisha Uganda. Mtu anayejua viwanja vya huku, joto la huku na ahadi za huku.

Tena ana sifa adimu: anatoka kwenye mchezo ambao mechi moja inaweza kuchezwa siku tano. Mleteni Uwanja wa Kambarage, Shinyanga, mkalisheni mbele ya mashabiki wanaodai mabadiliko dakika ya ishirini, tuone nani atamfundisha mwenzake.

3. Mzanzibari mwenye jina la nchi

Hemed Suleiman, Morocco kwa jina la kijiweni, alipita Geita Gold 2023. Januari 2024, kwenye AFCON, Stars ikafungwa 3-0 na Morocco, CAF ikamfungia kocha Adel Amrouche mechi nane kwa maneno aliyosema kuhusu Morocco, na timu akakabidhiwa nani? Morocco. Akatoa sare na Zambia, akatoa sare na DR Congo, na Novemba mwaka huo akaifunga Guinea 1-0 kwa bao la Simon Msuva, tukafuzu AFCON ya 2025. Iliyochezwa wapi? Msiniulize tena.

Novemba 2025, mashindano yakiwa yamebaki wiki chache, TFF ikaachana naye, mikoba akapewa Miguel Gamondi. Mtu alikata tiketi ya kwenda kwa jina lake mwenyewe, na safari wakaenda wengine. Funzo kwa waombaji: kufuzu hakuandikwi kwenye mkataba kama kinga.

2. Mzee wa kazi

Fred Felix Minziro aliishika Geita Gold ikiyumba baada ya Ndayiragije. Hakuja na maneno mengi. Msimu wa 2021/22 timu ya Halmashauri ya Mji, kwa udhamini wa mgodi wa GGML, ilimaliza ya nne nyuma ya Yanga, Simba na Azam. George Mpole akafunga mabao 17, akampiku Fiston Mayele kwa bao moja na kubeba kiatu cha ufungaji bora. Geita ikacheza Kombe la Shirikisho Afrika, ikatolewa mapema na Hilal Alsahil ya Sudan, lakini ilicheza.

Kisha? Mpole akavuka mpaka kwenda Lupopo ya Lubumbashi. Minziro naye akafunga virago 2023. Akaja Morocco, akaja Denis Kitambi, na 2024 timu ikashuka. Miaka miwili tu kutoka nafasi ya nne. Kama kubadili makocha kungekuwa dawa, Geita ingekuwa bingwa wa Afrika.

1. Yeyote, ilimradi aachwe afanye kazi

Ndiyo, nafasi ya kwanza haina jina. Rudieni orodha muone waliondokaje. Mmoja alifundisha timu yenye ugomvi wa wenye mali, mwingine alichoshwa na waamuzi, wa tatu alipewa mechi za kuhesabika kwa vidole. Walikuwa Mfaransa, Mrundi, Mzanzibari na watu wa hapahapa. Pasi za kusafiria zilikuwa tofauti, mlango wa kutokea uleule.

Na kinachoshangaza ni kwamba huu ndio ukanda wenye watu wavumilivu kuliko wote nchini. Muulize mwenye duara, shimo la dhahabu, pale Nyarugusu. Ananunua magogo ya kuzuia kuta zisidondoke, dizeli ya pampu ya kutoa maji, unga na maharage ya vijana walioko chini, miezi inapita, na hata mfuko mmoja wa mawe haujafika kwenye karasha la kusaga. Hakuna anayemwambia abadilishe wachimbaji kila Jumatatu. Jumapili mtu huyohuyo anakaa jukwaani, timu inafungwa mara ya pili mfululizo, anasimama: “Mwalimu aondoke!”

Basi mkataba wa kocha mpya uwe na vipengele vitatu. Kwanza, miaka mitatu, haivunjwi kwa kura ya kijiwe. Pili, mwajiri awe mmoja, mwenye muhuri mmoja. Tatu, mdhamini akijitoa, mshahara wa mwalimu usiwe wa kwanza kukatwa. Atakayekubali kusaini hivyo upande wa uongozi, huyo ndiye tumfanyie usaili kwanza. Kocha tutampata jioni yake.