Nauli ya Hewa

Kila mwenye fremu Kariakoo anamjua mteja huyu. Anaingia dukani na simu mkononi, basi. Anainua hotpoti, anaifungua, anainusa, anaigonga kwa kucha, ndipo anauliza bei. Ukimwambia elfu thelathini na tano anatabasamu kwa huruma, kisha anakugeuzia kioo cha simu: hotpoti ileile, rangi ileile, ua lilelile jekundu ubavuni, dola 3. "Dada yangu, faida yote hiyo unaipeleka wapi?"

Zamani nilikuwa nakasirika. Siku hizi namvutia kiti, maana maelezo yenyewe hayasikilizwi kwa kusimama.

Dola 3 ni bei ya hotpoti ikiwa bado imekaa mlangoni kwa kiwanda, tena ni ya anayechukua mia tano. Mimi mtaji wangu ni wa mia na hamsini, kwa hiyo kabla hatujasogea hata hatua moja imeshafika tatu na nusu. Binti wa mauzo, ambaye picha yake ya WeChat ni paka, aliniita mpendwa asubuhi, mchana na usiku mpaka alipopata asilimia 30 ya kuanzia kazi. Baada ya hapo kimya. Salio la asilimia 70 lilipokaribia kulipwa, upendo ukarudi kwa kishindo.

Sampuli aliyonitumia ilikuwa haina mpinzani. Niliitia wali jioni, asubuhi ukatoa mvuke. Mzigo ulipokuja, wali wa magharibi ulikuwa umepoa kabla ya isha. Nilipomuuliza, alinifafanulia kwa upole kwamba sampuli ni ya kuonyesha, mzigo ni wa kuuza. Ndiyo maana sasa kuna kijana wetu anayeishi Guangzhou ambaye namlipa aende kiwandani, achague hotpoti tatu bila kuchaguliwa na mtu, azimwagie maji ya moto na kukaa hapo anaziangalia. Ada yake imo ndani ya elfu thelathini na tano. Nauli yake ya treni pia.

Tuje kwenye usafiri. Hotpoti ni chombo kitupu. Kazi yake hasa ni kuwa na nafasi ndani, na baharini nafasi inauzwa. Mzigo wa kuchangia kontena hulipiwa kwa CBM, yaani mita moja ya ujazo. Boksi la hotpoti moja lenye sentimita 30 kwa 30 kwa 20 likipangwa vizuri, CBM moja inabeba kama 55. Kwa hiyo sehemu kubwa ya nauli ninayolipa ni ya hewa ya Guangzhou, ambayo inapita Mlango-Bahari wa Malacca, inavuka Bahari ya Hindi yote na kuteremshwa Dar es Salaam, mji ambao haujawahi kulalamikia upungufu wa hewa.

Mama mkwe alinishauri nitumie ndege, "maana vitu vyenyewe vyepesi". Watu wa ndege walishamuona mama mkwe akija. Wanazidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, wanagawa kwa 6,000, wanalinganisha jibu na uzito wa mizani, halafu wanachukua lililo kubwa. Hotpoti ya kilo moja inakuwa kilo 3 bila kutiwa hata punje ya wali.

Halafu forodha. Ushuru hauhesabiwi kwenye zile dola 3 za kwenye simu. Unahesabiwa kwenye thamani ya mzigo pamoja na bima na nauli ya kuufikisha bandarini. Hapo huwa nasimama kidogo ili mteja aelewe: ile hewa niliyoilipia nauli, ushuru wake nao upo. Chukua mzigo ambao ukijumlisha vyote hivyo umefika dola 1,000, na umeangukia kundi la asilimia 25 katika ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki. Hiyo ni 250. VAT ya asilimia 18 haitozwi kwenye 1,000. Inatozwa kwenye 1,250, kwa hiyo ni 225. Jumla tumefika 1,475, na tozo ndogondogo bado hazijapiga hodi. Mteja hufungua kalkuleta ahakikishe, na huo ndio wakati pekee simu yake inanisaidia.

Kalenda nayo ina ukaidi wake. Hotpoti zinatoka Ramadhani, watu wakipelekeana futari. Mwaka Mpya wa Kichina huangukia kati ya Januari 21 na Februari 20, na viwanda hufungwa kwa sababu wafanyakazi wamekwenda makwao. Kalenda zote mbili zinafuata mwezi, ila ya Wachina kila baada ya miaka michache huongezewa mwezi wa kumi na tatu ili isihame msimu. Ya Kiislamu haiongezewi, kwa hiyo Ramadhani hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Ikarudi, ikarudi, hata mwaka 2026 zikakutana wiki moja: Mwaka Mpya wao Februari 17, na Ramadhani ikaandama siku moja au mbili baadaye. Ukizingatia kwamba baharini mzigo unakaa mwezi na zaidi, hotpoti ya futari ilitakiwa iwe imeshapakiwa watu wakiwa bado wanawaza Krismasi. Jirani yangu wa fremu ya pili aliandika kiwandani Februari hiyo kuulizia mzigo wake. Akajibiwa kwa picha ya fataki.

Na kontena lenyewe la kuchangia ni daladala: haliondoki mpaka lijae, na konda akigombana na abiria mmoja mnachelewa wote. Safari moja mwenzetu alipakia vipodozi bila vibali. Sisi wenye hotpoti, viatu na vitasa vya milango tukakaa tukisubiri, tukijifunza majina ya kemikali za kung'arisha ngozi. Siku za bure za kuweka kontena zikaisha, tozo ya kila siku ikaanza kula, na tukaigawana hata sisi tusiopaka chochote.

Kontena likifunguliwa, kila mtu hutafuta alama yake, zile herufi zinazoandikwa ubavuni mwa boksi kwa kalamu nene. Yangu ilikuwa MZ. Ndani ya kontena hilohilo kulikuwa na M2. Usiku, ghalani, mpakiaji amechoka, nani ana muda wa kutofautisha Z na 2? Nikafungua boksi la kwanza mbele ya wateja waliokuwa wameshatoa kishika uchumba, nikaingiza mkono, nikatoa mguu. Wa plastiki, mweupe, umekatwa chini ya goti, wa kuvalishia soksi dukani. Chini yake mwingine. Boksi zima miguu. Mama mmoja alisema "Astaghafirullah" na kudai hela yake palepale.

Jioni simu ikaita, sauti ya mwanamume, mnyonge kabisa. "Samahani dada, naambiwa miguu yangu iko kwako."

Nikamwambia iko salama, aifuate kwa bodaboda, ila anirudishie hotpoti zangu zikiwa kamili. Akanyamaza. Kisha akasema zimebaki pungufu mbili, mkewe ameshazipeleka kwenye hitima na ubwabwa ndani. Kudai hotpoti iliyoko hitimani ni kazi ambayo hakuna wakala wa forodha anayeifanya. Nimeziandika kwenye hesabu kama sadaka, na sadaka hiyo imo ndani ya elfu thelathini na tano.

Biashara lakini haifungwi kwa sababu ya hewa. Dawa yake ni kuipandishia abiria. Sasa naagiza hotpoti za seti, ndogo ndani ya ya kati, ya kati ndani ya kubwa, na ile ndogo kabisa naijaza vijiko, vibanio vya nguo na vichujio vya chai. Binti wa paka alilalamika kwamba wafanyakazi wake hawakuajiriwa kushindilia vichujio ndani ya vyombo. Nikaongeza senti 5 kwa kila seti, nikawa mpendwa tena.

Vijiko hivyo vinavuka bahari bure. Lakini lazima viandikwe kwenye orodha ya mzigo, kijiko kwa kijiko, kwa sababu ofisa wa forodha naye akiiona hotpoti haachi kufungua kifuniko. Ni Mtanzania, anatarajia pilau.