Nundu za Kamshafti na Matuta ya Vigwaza

Kamshafti ni barabara yenye matuta. Ni chuma kirefu kinachozunguka ndani ya hedi kikiwa na nundu kwa kila valvu. Nundu ikipita, valvu inasukumwa chini na kufunguka, halafu springi inairudisha mahali pake. Tuta likiwa la juu, valvu inafunguka sana. Tuta likiwa pana, valvu inakaa wazi muda mrefu. Hayo ndiyo mambo mawili yanayoandikwa kwenye boksi la kamshafti, la kwanza kwa milimita na la pili kwa digrii, na mkazi yeyote wa Vigwaza ana shahada ya kuyaelewa, maana barabara ya Morogoro imemfundisha tofauti ya tuta la juu na tuta pana kwa kumgongesha kichwa kwenye paa la Noah. Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo, aliyezoea kushuka kwenye gari akilaani matuta, siku akipata Altezza yake ya mkono wa pili ndoto ya kwanza ni kuongeza matuta ndani ya injini. Hoja yangu ni fupi: kamshafti huchaguliwa kwa mizunguko ambayo injini inaishi nayo kila siku, wala si kwa mizunguko ambayo mwenye gari huiota usiku. Na injini ya Vigwaza huishi chini sana.

Tufanye hesabu, kwa kuwa hesabu haina mapenzi na gari la mtu. Tairi la gari dogo lina mzingo wa kama mita 2, na difu ya 4.1 si ya ajabu. Kibao cha kijijini kinasema 50. Kwa mwendo huo, gari likiwa kwenye gia ya moja kwa moja, injini inazunguka kama mara 1,700 kwa dakika. Ukitoka kijijini ukafika 80 inapanda hadi 2,700 hivi, na gia ya juu ikiingia inarudi chini ya 2,000. Kati ya daraja la Ruvu na Chalinze hupati zaidi ya hapo kwa amani: mbele yako kuna lori linalotoka kwenye mizani ya Vigwaza likiwa na haki kisheria ya kuwa na tani 56, pembeni kuna jingine linaingia kutoka barabara ya Kwala, na chini ya mwarobaini kuna askari mwenye tochi na faini ya shilingi 30,000. Sasa kamshafti ya digrii 272, ile ambayo kila kijiwe cha gereji kinaitaja kwa heshima, kwa injini nyingi za lita 2 huanza kuchangamka mizunguko ikikaribia 4,000. Ukiifunga kwa ajili ya safari ya Mlandizi, umeajiri mlinzi wa usiku anayeripoti kazini saa mbili asubuhi.

Watu hudhani nundu kubwa ni nguvu zaidi, kama vile pilau zaidi ni shibe zaidi. Injini haili hivyo. Ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, mzunguko mmoja unachukua milisekunde 10, kwa hiyo valvu iliyofunguka kwa digrii 260 inaipa hewa kama milisekunde 7 tu za kuingia. Hapo mlango mpana una maana, maana wageni wanakimbia. Lakini kwenye mizunguko 1,700 valvu hiyohiyo inakaa wazi kama milisekunde 25. Wageni wameshaingia wote, wamekaa, wamenawa. Ukiendelea kuacha mlango wazi, pistoni inapanda na kuwasukuma nje wakiwa na sahani zao. Tena kamshafti pana huacha mlango wa kuingilia na wa kutokea wazi kwa wakati mmoja. Kwenye mwendo mkali hilo ni jambo jema, kwa sababu moshi unaotoka mbio huvuta hewa mpya nyuma yake. Kwenye mwendo wa foleni moshi hauna haraka, unageuka na kurudi ndani kama shemeji aliyesahau kofia. Injini inatetemeka, boneti linacheza, kioo cha pembeni kinaonyesha malori mawili pale penye moja. Mlio wa mtetemo huo vijana huuita mlio wa mbio. Kwa kweli ni injini inayopaliwa. Na kwa kuwa mvuto wa hewa kwenye manifoldi umepungua, busta ya breki nayo inakosa nguvu, kanyagio linakuwa gumu kama kigogo cha mnazi, na hayo yanatokea nyuma ya semitrela lililosimama ghafla.

Wahenga walisema ukipenda boga, upende na ua lake. Boga hili lina shamba zima. Valvu inayofunguka zaidi hutaka springi ngumu zaidi, la sivyo kwenye mwendo mkali inachelewa kurudi. Inaposhuka chini zaidi inakaribia pistoni, na fundi asiyepima nafasi kati yao atagundua kosa lake kwa sauti, mara moja, na valvu zitakuwa zimepinda. Kompyuta ya gari, iliyofundishwa nundu za kiwandani, inaanza kukisia mafuta kama mtoto anayejibu mtihani wa darasa lingine, kwa hiyo nayo lazima ipangwe upya. Nguvu ikihamia juu, difu ya zamani haikufikishi huko, kwa hiyo na difu ibadilishwe. Kisha zipo zile digrii zenyewe: muuzaji mmoja huanza kuhesabu pale valvu inapojitikisa tu, mwingine huanza ikiwa imeshafunguka milimita 1, na namba zao hazifanani hata kidogo. Ni kama wauza samaki wawili wa Bagamoyo, mmoja anapima changu hadi ncha ya mkia na mwingine anaishia kwenye mapezi, halafu mnunuzi anasimama katikati akilinganisha sentimita. Anayenunua 272 bila kuuliza imepimwa wapi amenunua mkia.

Najua jibu linalokuja: Wajapani waliibana injini makusudi, nguvu ipo, inasubiri tu kufunguliwa. Kuna ukweli kidogo. Kiwanda hupima nguvu dhidi ya matumizi ya mafuta, moshi na uhai wa injini, kwa hiyo huacha kitu. Lakini tazama hiyo Altezza yenyewe, iliyouzwa kati ya 1998 na 2005. Ile ya silinda nne na gia za mkono ilitoka kiwandani na farasi 210 kutoka lita 2, na farasi hao walipatikana kwenye mizunguko 7,600. Toyota hawakubana kitu hapo. Walikwenda juu kuliko dereva wa Vigwaza atakavyofika mchana kweupe. Mwingine atasema VVT-i itasawazisha mambo. VVT-i huigeuza kamshafti mbele au nyuma ili valvu iwahi au ichelewe. Upana wa tuta hauguswi nayo, na urefu wake vilevile. Kuhamishia tuta karibu na shule hakulipunguzi. Na mwenye Subaru yenye tabo, ambaye injini yake husukumiwa hewa ndani kwa nguvu atake asitake, ndiye mwenye haja ndogo kuliko wote, ingawa ndiye anayeongea sana.

Wapo pia wanaoleta mfano wa Safari Rally: magari ya mbio yana kamshafti za mbio, basi na sisi. Mfano mzuri, ila unasema kinyume. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, alishinda Safari mwaka 1966 na akarudia mwaka 1967, na alichoendesha ni Peugeot 404, gari la familia lenye injini ya lita 1.6. Mwaka 1968, katika matope yasiyosahaulika, yalianza magari 93 yakamaliza 7, na la kwanza lilikuwa 404 tena. Magari yenye nguvu zaidi hayakukosekana. Yaliyokosekana ni yaliyofika. Dereva wa mbio naye huchagua nundu kulingana na njia, kisha hufunga gia na difu zitakazoishikilia injini kwenye mizunguko hiyo saa nzima. Akishakuwa na barabara iliyofungwa, lori la mafundi nyuma na mtu mwingine wa kulipa bili, 272 ni chombo chake halali. Kijana wa Vigwaza ana barabara iliyofunguliwa kwa kila mtu, pamoja na mbuzi.

Linabaki pingamizi moja ambalo sina hamu ya kulivunja, nalo ni kwamba mlio unapendeza. Unapendeza. Mtu hutumia fedha zake kwa furaha, na hakuna anayemuuliza mpiga ngoma ngoma yake inatumia lita ngapi. Mwenye kutaka mlio basi aseme anataka mlio, amwambie fundi hivyo, na aanzie kwenye ekzosti, ambayo hainyang'anyi breki nguvu wala haipindi valvu. Tatizo ni yule anayenunua mlio akiamini amenunua kasi, halafu anapitwa na IST ya kubebea nyanya wakati wa kuondoka kwenye tuta, kwa sababu IST iko nyumbani kwenye mizunguko 1,700 na yeye yuko ugenini.

Kuchagua ni kazi nyepesi kama mtu akikubali kupimwa. Mizani ya Vigwaza haimuulizi dereva anaamini amebeba tani ngapi wala jirani zake wanasemaje. Anapanda, ekseli moja baada ya nyingine, na namba inatoka. Mwenye gari naye aweke karatasi kwenye dashibodi kwa wiki moja, abiria amwandikie mshale wa mizunguko ulikaa wapi muda mwingi. Ukikaa juu ya 4,000, aagize kamshafti yake, aulize digrii zimepimwa wapi, na atenge hela ya springi, kompyuta na difu kabla ya kulipa. Ukikaa 2,000, kamshafti inayomfaa ipo tayari chini ya boneti, imefungwa na kiwanda, na ushuru wake ameshaulipa bandarini.