Sindano Inapunguza Kilo, Nguvu Unaitunza Mwenyewe

Dada yangu mwenye miaka hamsini na ushee, kama daktari amekuandikia sindano ya kupunguza mwili, hapa hakuna wa kukusema. Unene unaopandisha sukari na kuumiza magoti ni suala la matibabu. Sharti dawa itoke kwa daktari na famasi inayojulikana, si kwa muuzaji wa WhatsApp: mwezi Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu sindano bandia za semaglutidi, mojawapo ya dawa hizi. Mengine ni haya saba, na tunashuka nayo hadi lililo zito kuliko yote.

7. Mshukuru mjusi
Wewe unayerukia kiti ukiona mjusi ukutani, sikia hili. Mwaka 1992 mtafiti wa Marekani, John Eng, alieleza kemikali aliyoikuta kwenye sumu ya mjusi wa jangwani aitwaye Gila. Inafanana na GLP-1, homoni ya utumbo wetu inayosaidia kongosho kutoa insulini na kuujulisha ubongo kwamba tumeshiba. Dawa ya kwanza ya ukoo huo iliidhinishwa Marekani mwaka 2005. Semaglutidi ikaja baadaye: 2017 kwa kisukari, 2021 kwa unene. Mjusi wa kwako mwache ale mbu, ukoo wake umeshatufaa.

6. Mizani haina macho
Katika jaribio kubwa la semaglutidi lililochapishwa mwaka 2021, watu walipungua wastani wa asilimia 14.9 ya uzito wao kwa wiki 68. Kwa waliopimwa kwa mashine, ilionekana kwamba karibu asilimia 40 ya kilichopungua haikuwa mafuta. Yaani katika kilo 10, kama 4 ni vitu vingine, misuli ikiwemo. Wifi atasema umependeza, na ni kweli. Mapaja nayo yana neno, utalisikia kwenye ngazi.

5. Umri nao haujalala
Wengi hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55. Homoni ya estrojeni ikishuka, mifupa hupoteza uimara na misuli huzidi kuondoka. Sasa weka na sindano inayokata hamu ya kula: unavuja pande mbili. Mafuta tuyasindikize hadi stendi, lakini misuli tuikamate mkono. Ndiyo inayonyonya sukari nyingi baada ya mlo, na ndiyo inayokudaka ukijikwaa kabla nyonga haijafika sakafuni.

4. Samaki kwanza, ugali usubiri
Hamu ikikata, wengi hushindia chai na andazi. Andazi ni tamu, ila halijengi paja. Wataalamu wengi hupendekeza walau gramu 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku, kwa hiyo mwenye kilo 70 anahitaji kama gramu 84. Yai moja lina gramu 6 hivi. Ukitegemea mayai peke yake, kuku watagoma! Changanya dagaa, maharage, choroko, kuku na mtindi. Na kwa kuwa tumbo linajaa upesi, kipande cha samaki kitangulie. Mwenye ugonjwa wa figo aongee na daktari kwanza.

3. Ndoo ileile mmeshazoeana
“Nafua, napika, nadeki, mazoezi gani tena?” Pole na kazi, mama. Ila misuli hukua ikikutana na mzigo mgeni, na ndoo uliyoibeba miaka 20 si mgeni, ni ndugu. Shirika la Afya Duniani linashauri mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi kwa wiki. Keti na usimame bila kushika kiti. Sukuma ukuta. Nyanyua dumu la lita 5, na likishakuwa jepesi, tafuta la 10.

2. Vyuma havitakufanya baunsa
Mabaunsa wenyewe wanahangaika miaka kupata mwili ule, wewe utaupata kwa bahati mbaya? Huko Australia, jaribio lililochapishwa mwaka 2018 lilihusu wanawake 101 waliokoma hedhi na mifupa yao ikiwa dhaifu. Walionyanyua vyuma vizito nusu saa, mara mbili kwa wiki, wakiwa na msimamizi, waliimarisha mifupa ya uti wa mgongo kwa miezi 8. Na Boston mwaka 1990, wazee wa miaka 90 hivi waliongeza nguvu za miguu zaidi ya maradufu kwa wiki 8. Bibi kaweza, wewe wa 52 unasingizia magoti? Tafuta mwalimu, anza polepole.

1. Panga kuacha kabla ya kuanza
Walioacha semaglutidi walirudisha theluthi mbili ya uzito walioupunguza ndani ya mwaka mmoja. Mafuta hurudi bila kualikwa, misuli hairudi bila jasho. Denmark walijaribu liraglutidi, dawa nyingine ya ukoo huohuo, na mwaka mmoja baada ya kuacha, waliokuwa wamechanganya dawa na mazoezi walirudisha kilo chache kuliko waliotegemea dawa tu. Kwa hiyo siku ya sindano ya kwanza iwe siku ya dumu la kwanza. Ukirudi kliniki, taja kilo zilizopungua, kisha taja umeinuka kutoka kitini mara ngapi bila kushika, na mwombe daktari aandike zote mbili.