Saa Tatu ya Wapi?

Barua ilikuja Alhamisi, imekunjwa mara nne ndani ya kitabu cha hesabu, inanuka ndizi mbivu. Chama cha wanyamapori cha shule ya mwanangu kitakwenda msitu wa Arabuko-Sokoke Jumamosi kutazama ndege, na kila mtoto wa gredi ya tano aandamane na mzazi mmoja. Kwetu wazazi tuko wawili. Niliisoma kwa sauti, nikanyamaza, nikamtazama mama watoto. Alikuwa anachagua mchele kwenye sinia, wala uso hakuuinua.

"Jumamosi nina harusi," akasema.

Harusi ya nani, sikuuliza. Hapa Malindi ukiuliza utaambiwa jina la mtu, jina la mama yake, na utadaiwa mchango.

Sasa mimi nina jambo sijalielewa. Niamke kabla ya adhana, nipande basi, niende kuwatafuta ndege, na hali ndege kila siku wanakuja wenyewe kunitafuta kwangu? Kunguru wa paa langu wananiamsha saa kumi na moja bila barua wala mchango. Wageni hawa waliletwa Unguja miaka ya 1890, ati waje kula taka. Mombasa walionekana 1947, na tangu hapo taka wameziacha vilevile, wanakula samaki wangu. Mwaka wa 2024 serikali ilitangaza kwamba itawaangamiza kunguru milioni moja kabla ya mwaka kwisha. Mwaka ukaisha. Mimi wangu nawahesabu kila asubuhi na sijaona pengo.

Barua ilisema tuvae nguo za kijani au kahawia na viatu vya kufunika miguu. Kabati langu halikuarifiwa mapema. Nilivaa fulana ya manjano niliyopewa bure nilipopaka nyumba rangi, na makubadhi. Mwanangu aliponiona mlangoni alifumba macho kidogo kama mtu aliyeumwa jino, kisha akanishika mkono tukaenda.

Kutoka Malindi hadi Gede ni mwendo wa robo saa kwa basi, ukiongeza na nusu saa ya kumngoja mzazi mmoja aliyesahau mtoto. Tulifika kukiwa kweupe. Mwongozaji wetu alikuwa kijana mwembamba wa hapohapo Gede, sauti yake ya chini kama mtu aliyekuja kutoa pole. Alituambia msitu huu una kilomita za mraba 420 hivi, na kwamba hakuna msitu mwingine wa pwani mkubwa namna hii uliobaki Afrika Mashariki. Akakiri kwamba yeye mwenyewe, utotoni, ndege hawa alikuwa akiwatungua kwa manati. Nikampenda kidogo. Kisha akatoa darubini tatu kwa ajili ya watu kumi na saba, nikaacha kumpenda.

"Leo tuna wazazi," akasema, "kwa heshima yao tutasema Kiswahili kitupu. Ndege hatumwonyeshi kwa mkono, anaogopa. Tunatumia saa. Jifanyeni mmesimama katikati ya saa ya ukutani, mbele yenu ndiyo juu ya saa. Nikisema saa tatu, mnageuza shingo polepole hadi saa tatu. Sawa?"

"Sawa," tukajibu. Jambo jepesi.

Hatujaenda hatua hamsini, kijana akasimama kama aliyegonga ukuta. "Saa kumi na mbili," akanong'ona, "juu ya mrihi mkubwa, hondohondo wawili."

Nikageuka nyuma. Mrihi ulikuwapo, mkubwa kweli, na juu yake kulikuwa na matawi. Nikatazama hadi shingo ikalia. Nyuma yangu watoto wakawa wanavuta pumzi, "Aaah, ona mdomo wake!" Mdomo wa nani? Nilipogeuka kuuliza, sauti tu ndiyo iliyokuwa imebaki hewani, ile ya hondohondo anayelia kama mtoto aliyenyang'anywa titi.

"Umemwona, Baba?"

"Nimemsikia."

Ikawa ndiyo kazi. "Saa mbili, chini ya kichaka." Natazama, kichaka hamna, pana njia. "Saa nne, anaruka." Hakuna kinachoruka. Kufika saa mbili kasoro ya asubuhi watoto walikuwa wamejaza ukurasa mzima na mimi kalamu yangu haijaloa. Nilianza kufikiri kwamba ndege hawa ni kama mkopo wa benki, kila mtu anakuambia upo na wewe huuoni. Faraja yangu ilikuwa mama mmoja wa makamo aliyevaa buibui, bibi yake mtoto mmoja wa pale, ambaye kila kijana akinong'ona naye aligeukia kulekule ninakogeukia mimi. Nikasema moyoni, huyu ni mtu mzima, ana utulivu wa kutazama. Tukawa tunatikisiana vichwa.

Kisha likaja lile la saa tisa. "Saa tisa," kijana akasema, "mnana, jike na dume." Nikageuka upande wangu. Na wallahi safari hii nikaona! Si juu, chini, kwenye majani makavu. Kitu cha ukubwa wa sungura mchanga, miguu kama vijiti vya kiberiti, pua ndefu inayochokora majani kama mtu anayetafuta sarafu mchangani, na nyuma, kwenye makalio, amepakwa manjano kuliko fulana yangu. Akanitazama, nikamtazama. Akapiga mkia chini tap tap, akatoweka.

"Nimemwona!" nikasema kwa sauti ambayo haikuwa ya kunong'ona. "Ana pua, na nyuma ni wa manjano!"

Watu kumi na sita wakanigeukia. Mnana nao wakaruka.

Kijana alinijia taratibu. "Mzee wangu, umepata bahati kubwa. Huyo ni sange. Wengi wa waliobaki duniani wamo humu msituni." Akanyamaza kwa adabu. "Lakini si ndege."

"Ndiyo, lakini nimemwona."

"Haandikwi."

Huyo mnana nilizidi kupoteza hamu naye nilipoelezwa habari zake. Vitabu vinamwita kwa jina la Bwana Clarke, na hapatikani popote duniani ila kwetu Kilifi. Wataalamu walimjua muda mrefu bila kujua anataga wapi. Viota vyake havikuonekana mpaka 2013, huko Dakatcha, kwenye kinamasi. Fikiria. Ndege mzima, tena wa makundi, watoto wake miaka yote hiyo anawalea kwa siri. Mimi nikichelewa saa moja tu kurudi kutoka barazani, mtaa mzima umeshajua nilikaa na nani na kashata alinunua nani.

Saa tatu tukakaa kula. Nasema saa tatu kwa maana mnayoijua nyinyi na mimi, jua likiwa limepanda kiasi. Yule mama wa buibui alifungua mahamri yake kwenye kitambaa, akanigawia mawili bila mimi kuomba, kisha akavua saa yake ya mkononi na kumwita mwongozaji.

"Mwanangu, njoo. Sasa ni saa ngapi?"

"Saa tatu, Mama."

"Mshale mfupi uko wapi?"

Kijana akainama. Mshale mfupi ulikuwa kwenye 9.

"Basi saa tatu ni kushoto," akasema mama. "Wewe tangu asubuhi ukisema saa tatu watoto wote wanatazama kulia. Saa tatu yako ni ya wapi?"

Pakawa kimya kama ndani ya pango. Kijana aliitazama saa, akatutazama sisi, akaanza kugeuza shingo yake mwenyewe kushoto na kulia. Ikambainikia, na mimi ikanibainikia. Alijifunza kazi hii kwa Kiingereza, leo akaitafsiri kwa heshima yetu, na heshima hiyo ikatugeuza visogo. Yeye akisema kumi na mbili anakusudia juu kabisa ya saa, mbele ya pua yake; mimi nimezaliwa najua kwamba kumi na mbili mshale uko chini, ndipo watu wanapofuturu. Tofauti ni saa sita kamili. Kwa hiyo sikuwa nimekosea kidogo, la, asubuhi nzima nilikuwa nimetazama upande ulio kinyume kabisa cha kila ndege wa Arabuko-Sokoke, kwa usahihi ambao hata kwa kukusudia singeuweza. Na watoto je? Watoto shuleni saa wanaisoma kwa Kiingereza. Walielewa bila kujua kwamba palikuwa na cha kueleweka.

"Samahani sana, wazee wangu," kijana akasema. "Tutasema kulia na kushoto."

Baada ya hapo nikaona ndege kama watu wengine. Nilimwona mmoja wa kijani aliyefungua mabawa yakawa mekundu ndani kama bitana ya koti la bwana harusi; jina lake nilitajiwa mara mbili na mara zote mbili likanitoka. Nilimsikia dudumizi, nikamwambia mwanangu kwamba mvua i karibu, na mwalimu akaandika. Nikaanza kujisikia mtu wa mambo haya. Hapo ndipo niliposimama juu ya siafu.

Tulikuwa tumefika kwenye vichaka vizito vya udongo mwekundu, na kijana alikuwa ametangulia peke yake kutafuta. Akarudi anatembea kwa ncha za vidole. Bundi. Si bundi yeyote, ni yule mdogo wa Sokoke, hafiki shubiri, wataalamu wamemgundua 1965 tu. Tuingie watano watano, tusiseme, tusitikisike. Bibi yangu, Mungu amrehemu, akimsikia bundi juu ya paa alimtupia kiatu na kumwelekeza kwa jirani. Na mimi mjukuu wake naingia kichakani kwa hiari yangu kumtafuta.

Nikaingia. Kijana akanielekezea kijiti: tawi lile, shuka, jani kavu, jani kavu, hapo. Nikaona jani kavu, na jani kavu. Wakati huohuo nikahisi wa kwanza kwenye kifundo cha mguu wa kushoto. Makubadhi, kwa siafu, ni mlango usio na bawabu. Wa pili akapita bila kusalimu, wa tatu akapanda ndani ya suruali kwa mwendo wa mtu anayejua anakokwenda, akafika alikotaka, akauma.

Sikutikisika. Naomba hilo liandikwe mahali. Machozi yalinitoka.

"Umemwona, Mzee?" kijana akanong'ona, ameguswa kuona ninavyolia.

Ningesema nini? Niseme hapana, nisimame pale dakika nyingine tano? "Nimemwona," nikasema. "Mashaallah."

"Umewaona wangapi?"

Hili sikulitarajia. Nikatazama majani, majani yakanitazama. Pembeni, usawa wa paja langu, mwanangu akateremsha mkono taratibu na kunyoosha vidole viwili.

"Wawili," nikasema.

"Safi! Na rangi zao?"

Mwanangu akakwaruza kwa ncha ya kiatu ule udongo mwekundu, kisha akakuna shati lake la shule, la kijivu.

"Mmoja mwekundumwekundu, mwingine wa kijivu."

"Mzee una macho!" akasema kijana, na akaniandikia kwenye orodha kwa mkono wake. Nikatoka kichakani mbio, nikajificha nyuma ya mti, nikafanya yale ambayo mtu mwenye siafu hufanya, na ambayo mwalimu baadaye aliomba nisiyafanye tena mbele ya chama.

Jioni walitupitisha Mida, kwenye ile njia ya mbao inayoning'inia juu ya mikoko. Maji yalikuwa yametoka, na vitwitwi walijaa matopeni, wengine wamezaliwa Siberia. Walikuwapo pia ndege weupe kwa weusi wanaokula kaa, ambao huchimba mashimo kwenye mchanga wa visiwa vya Ghuba na kutaga humo, kisha huja kwetu. Kwetu mtu akitoka Ghuba huja na blanketi na manukato. Hawa wamekuja na njaa.

Ndani ya basi mwanangu alinieleza bei ya kunyamaza. Soda mbili, viazi vya karai, na mwezi ujao nimpeleke tena, kwa viatu. Nilipomwambia kwamba baba hapangiwi bei, akaanza kumwita mwalimu. Nikakubali.

Orodha yangu imebandikwa ukutani darasani pamoja na za wengine. Ya mwanangu ina ndege 43. Yangu ina 9, pamoja na wale bundi wawili ambao hadi leo sijawaona isipokuwa kwenye simu ya mwalimu, na hata humo nilionyeshwa kwa kidole. Chini yao, kwa kalamu yangu, niliandika namba 10: sange. Mwalimu akamkata kwa wino mwekundu. Jumatatu nilipompeleka mtoto nikapita darasani, nikamwandika tena.