Jogoo wa Saa Tano

Jirani, sogea nikumwagie. Walimu wakuu tuliitwa Kilosa, semina ya matumizi ya muda. Saa mbili kamili asubuhi, hiyo "kamili" imepigwa mstari. Mimi nakaa Mikumi. Nikapiga hesabu, niamke saa kumi na moja alfajiri. Simu nikaitegesha mwenyewe, 11:00, mlio wa jogoo. Nikalala kibosi.

Jogoo hakuwika. Aliyeniamsha ni mama watoto, saa moja na nusu: "Mwalimu, kwani leo huendi?" Nikatoka mbio, shati kinyume. Noah imejaa, nikabanwa mlangoni na konda, nimepakatishwa mkungu wa ndizi nisioujua mwenyewe. Wenzangu Ulaya wanakwenda kwa ndege. Ulaya yangu iko njiani hapo, katikati ya Mikumi na Kilosa, na tulisimama nusu saa dereva anabishania nauli ya gunia.

Nimeingia ukumbini saa nne na robo. Kiti kilichobaki ni cha mbele kabisa. Mwezeshaji kanyamaza mpaka nikae. Ubaoni kachora viboksi vinne vya Eisenhower, yule aliyekuwa rais wa Marekani: ya haraka na muhimu, ya muhimu yasiyo na haraka, ya haraka yasiyo muhimu, na ya kutupa. Tujaze ya kwetu. Haya. Afisa elimu kata anataka idadi ya madawati WhatsApp, "kabla ya saa sita". Mfumo wa malipo umegoma. Mzazi yuko mlangoni, kafuata uhamisho wa mtoto. Tundu la choo limezibwa na daftari. Yote kiboksi cha kwanza! Vingine vitatu vyeupe pee. Na ile posho ya madaraka, laki mbili kwa mwezi tangu 2016, sikuona kiboksi chake.

Mwezeshaji ndiyo kwanza anasema, "Kiongozi bora huamka kabla ya..." Kokorikooo! Mfukoni mwangu. Saa tano kamili. Nikabonyeza, kimya. Dakika tano, kokorikooo! Mara ya tatu nikaitumbukiza simu kwenye begi la niliyekaa naye. Kumbe begi la mwezeshaji.

Fundi simu wa stendi kaikagua, anasema nzima. Eti 11:00 ya simu ni saa tano yetu. Yaani simu niinunue mimi, saa iwe na zake? Fundi gani yule.

Kesho nina kikao cha wazazi, saa mbili. Jirani, ukiamka kuswali alfajiri, nigongee dirisha.