Upupu Nao Ni wa Asili

Wanaosifu vipodozi vya nyumbani wana sentensi moja: "Hiki ni cha asili, hakina madhara." Upupu nao ni wa asili. Huota wenyewe porini bila kiwanda wala kemikali, na sijaona anayejipaka.

Hapa Madaba malighafi haisumbui. Parachichi huanguka zenyewe, shubiri mwitu imejaa kwenye uzio, na asali haiko mbali. Kinachosumbua ni kwamba maelekezo yote ya urembo hutungwa Dar es Salaam, na watu wanaotokwa jasho tangu saa mbili asubuhi.

"Mimina mafuta ya nazi kiganjani," wanasema. Nimimine nini? Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na usiku wa Julai huku kwetu nyuzi hizo hata hodi hazipigi. Chupa yangu ya mdomo mwembamba iliganda kabisa. Baba watoto alipendekeza msumeno.

Shubiri mwitu husifiwa kwa ute wake. Wasifiaji hawataji utomvu wa njano ulio chini ya ganda, mchungu, wenye kuwasha, unaotakiwa uachwe uchuruzike kabla ute haujakwanguliwa. Mdogo wangu hakuwa na subira hiyo. Alikesha akijikuna shingo huku akinihakikishia kwamba dawa inafanya kazi.

Lakini bingwa wao ni manjano. Nilikoroga unga wake na asali na mafuta ya alizeti, nikajipaka usoni, nikanawa. Rangi ile haiyeyuki kwenye maji. Mwenzake ni mafuta, nami nilikuwa nimempa ya kutosha. Asubuhi mama mkwe alinitazama mara moja tu, akajifunga kitenge cha safari, akaniongoza zahanati.

"Muuguzi, mkwe wangu ana manjano."

"Ni kweli," nikasema. "Vijiko viwili."

Muuguzi akanifunua kope. Anayeumwa ini, hata macho hugeuka njano. Yangu yalikuwa meupe pe. Akanishauri nijifute kwa mafuta, kisha nikae juani, maana jua huipausha rangi hiyo. Jua! Madaba! Julai! Jumapili nikaenda kanisani vilevile, na kwaya ikapoteza sauti ya tatu kwa kunitazama.

Kilichonusurika katika kabati langu ni mafuta ya midomo: nta ya nyuki niliyoiyeyusha taratibu ndani ya mafuta ya alizeti. Hayana tone la maji, ndiyo maana hayakuota ukungu kama krimu ya parachichi, iliyoota manyoya marefu kuliko ya paka. Midomo iliyopasuliwa na upepo hulainika, na kikopo kikawa kinaisha upesi ajabu. Nikaona biashara hiyo! Nikapanga kuwaendea SIDO wanifundishe, kisha TBS, ambao tangu 2019 ndio wanaosimamia vipodozi.

Ndipo nikamkuta baba watoto uani, amechuchumaa kando ya pikipiki, anaupaka mnyororo kwa kidole, taratibu, kwa mapenzi.

"Mama watoto, tengeneza mengine," akasema bila kugeuka. "Kelele zimekwisha kabisa."

Nimemtengenezea. Mteja asiyewashwa wala kugeuka njano hupunguziwa bei.